Nanga ya Mchoro: Mchoraji wa Kiswahili na Matumizi ya Mitandao ya Kijamii

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wachoraji wa katuni, wachoraji wa vielelezo vya vitabu na wasanii wengine wa sanaa za kuonekana wanavyoweza kunufaika na mitandao ya kijamii, hasa pale ambapo kazi zao huandamana na maneno ya Kiswahili. Inajadiliwa kwamba mchoro unapoingia mtandaoni hutengana upesi na mambo matatu: maneno yanayouelekeza, jina la aliyeuchora na malipo yake. Mifano mingi ni ya Kenya. Kanga imetumiwa kama kigezo cha ulinganishi.

Utangulizi

Kwa muda mrefu mchora katuni wa Afrika Mashariki alikuwa mtu wa gazeti. Edward Gitau, aliyemuumba Juha Kalulu, alikutana na wasomaji wake katika kurasa za Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alijiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi mwaka 1992. Frank Odoi, Mghana aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, naye aliifikia hadhira yake kwa mlango huo huo. Mhariri ndiye aliyekuwa bawabu. Akikubali, mchoro ulichapishwa ukiwa na sahihi ya mchoraji, katika nafasi yenye kipimo kinachojulikana, na ujira ukalipwa. Akikataa, mchoro ulibaki mezani.

Mitandao ya kijamii iliondoa bawabu huyo. Facebook ilianzishwa mwaka 2004 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2006. Toleo lake la Kiswahili lilitolewa mwaka 2009. Instagram, mtandao uliojengwa juu ya picha, ulianza Oktoba 2010. Gado alipoondoka Nation mwaka 2016, baada ya mkataba wake kutoongezwa, wasomaji hawakumpoteza, kwa kuwa waliendelea kuiona michoro yake katika tovuti na kurasa zake mwenyewe. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mchoraji hamhitaji tena mhariri. Ushahidi huo una upungufu. Gado aliingia mtandaoni akiwa na jina lililojengwa na gazeti kwa zaidi ya miaka 20. Swali zito zaidi linamhusu kijana anayechora kwa simu katika chumba cha kupanga Kahawa Wendani au Eldoret, ambaye hana jina lolote. Huyo afanyeje?

Kanga na nanga

Mwaka 1964 mhakiki wa Ufaransa Roland Barthes aliandika makala kuhusu balagha ya picha. Humo alieleza kwamba picha peke yake huwa na maana nyingi zinazoelea, na kwamba maandishi yanayoandamana nayo huzizuia maana hizo zisitawanyike. Kazi hiyo ya maandishi aliiita kutia nanga. Istilahi hiyo inamfaa sana mwanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu Waswahili walikuwa na chombo cha aina hiyo kabla ya nadharia hiyo kuandikwa. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapishwa chini ya mji. Ua, korosho au jogoo aliyechorwa katika mji anaweza kuwa pambo tu. Jina ndilo linaloamua kama kanga hiyo ni ya kumpongeza bi harusi au ya kumsuta jirani.

Kuna jambo jingine katika kanga ambalo wahakiki hulipita haraka. Kanga za kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa zilijulikana kwa alama ya «K.H.E. Mali ya Abdulla», iliyochapishwa katika kitambaa chenyewe. Alama hiyo haikuwa karatasi iliyobandikwa dukani ikabanduka nyumbani. Ilisafiri na nguo popote nguo ilipokwenda, na mwenye kutaka kuiondoa alilazimika kukata kanga.

Mchoro wa mtandaoni kwa kawaida hutengenezwa kinyume cha kanga. Mchoraji huweka picha tupu, kisha huandika maelezo katika nafasi iliyo chini yake. Katika ukurasa wake mwenyewe mambo huwa sawa. Lakini mtu wa kwanza anayeipenda picha huihifadhi katika simu na kuituma katika kundi la WhatsApp la familia. Wa pili huituma kundi la chama. Wa tatu huiweka katika ukurasa wake kana kwamba ni yake. Maelezo yalibaki kule kule mwanzo. Nanga imekatika, na jina la mchoraji limezama pamoja nayo. WhatsApp aghalabu hupunguza ubora wa picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zikiwemo zile ambazo zingeonyesha nani aliitengeneza.

Kwa hiyo, maneno ambayo bila hayo mchoro hauna maana yanapaswa kuwa ndani ya mchoro wenyewe, katika kiputo au katika ukanda wa chini kama jina la kanga. Sahihi nayo iwekwe pale ambapo mtu hawezi kuikata bila kuharibu kiini cha picha: katika mkunjo wa nguo ya mhusika, ukutani nyuma yake, katika ubao wa matatu. Wachoraji wengi huiweka pembeni kabisa, mahali ambapo kidole kimoja huiondoa kwa sekunde mbili.

Hata hivyo, kutia kila neno ndani ya picha kuna hasara yake. Mashine za kutafutia haziyasomi vyema maneno yaliyochorwa kwa mkono kama zinavyosoma maandishi ya kawaida. Anayetafuta «katuni za Kiswahili kuhusu karo» huenda asiufikie mchoro uliochorwa kwa ajili yake. Asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea yaliyo katika skrini, naye hapati chochote. Mitandao mikubwa ina nafasi maalumu ya kuandika maelezo mbadala ya picha, na wachoraji wa Kiswahili hawaitumii inavyostahili. Sentensi mbili zinatosha: nani yuko pichani, anafanya nini, kiputo kinasema nini. Hii ni kazi ya lugha zaidi kuliko kazi ya rangi, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoweza kuwa na manufaa kwa mchoraji.

Kiputo kinazungumza Kiswahili kipi?

Tuseme mchoraji wa Nairobi amemchora mama mboga akikunja gunia lake kwa haraka, nyanya zikidondoka, na mtoto akipiga ukelele. Katika kiputo cha mtoto anaweza kuandika «Kanjo wamekam!» Msomaji wa Gikomba atacheka kabla hajamaliza kusoma. Msomaji wa Dar es Salaam atauliza kanjo ni nani, kwani kwake mkimbiza wachuuzi ni mgambo. Mchoraji akiandika «Askari wa jiji wamefika!» ataeleweka Mombasa, Arusha na Bujumbura, lakini mtoto huyo hatakuwa tena mtoto wa Gikomba, atakuwa mtoto wa kitabu cha darasa la nne.

Wanaochukulia swali hili kuwa vita kati ya Sheng na Kiswahili sanifu huipoteza hoja. Mfano wa Shujaaz unafaa kutazamwa kwa utulivu. Kitabu hiki cha vibonzo kilianza kutolewa Kenya mwaka 2010, kikasambazwa bure ndani ya gazeti na katika maduka ya M-Pesa. Lugha yake ni Sheng. Mhusika wake mkuu, kijana anayeendesha redio kwa siri, alikuwa na ukurasa wa Facebook ambamo vijana walimwandikia kana kwamba ni mtu halisi, naye akawajibu. Mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy ya kazi za dijitali mwaka 2012 na tena mwaka 2014. Waliouanzisha waliijua hadhira yao, na kiputo kikaandikwa kwa ajili ya hadhira hiyo. Iwapo mchoraji mwingine anataka kuuza vielelezo kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, au anataka kusomwa kuanzia Lamu hadi Goma, hesabu yake ni tofauti. Makosa hutokea pale mchoraji anapotumia lugha asiyoichagua, kwa mfano anapochora kwa Kiingereza kwa sababu tu ya kudhani kwamba mtandao ni wa Kiingereza.

Dhana hiyo haina msingi thabiti. UNESCO hukadiria kwamba wazungumzaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200, na mchora katuni wa Kiingereza aliyeko Nairobi hushindania macho na wachoraji wa London, Lagos na New York kwa wakati mmoja. Wa Kiswahili ana washindani wachache zaidi na wasomaji wenye njaa. Masoud Kipanya wa Tanzania amejenga jina kubwa kwa katuni za Kiswahili, na kwa kuwa mhusika wake ni panya mdogo mwenye maneno makali, picha huhitaji maneno machache sana. Ufupi huo ni sifa ya kuigwa. Kiputo chenye maneno 30 hakisomeki katika skrini ya simu.

Hapa yafaa kugusa istilahi, ingawa kwa kupita tu. Neno «kushiriki», linalotumiwa katika kurasa nyingi kwa tendo la kuipeleka kazi ya mtu kwa wengine, linapotosha. Mtu anayeituma katuni ya mwenzake hashiriki chochote, anaisambaza. «Sambaza» ni neno lililo wazi, ni la zamani, na wateja wa simu nchini Kenya wamelizoea tangu walipoanza kutumiana muda wa maongezi. «Alamareli» nayo imeanza kukubalika.

Fanani amerudi barazani

Gazeti lilimfanya mchoraji awe kama mwandishi: alitunga akiwa peke yake, na msomaji alikuwa mbali. Mtandao umemrudisha katika hali ya fanani wa fasihi simulizi, ambaye hadhira yake iko mbele yake, humkatiza, humwitikia na humkosoa kabla hajamaliza. Wanafunzi wa fasihi wanaijua kanuni ya kitendawili: anayetega hungoja «Tega!», na wasipojua jibu hudai mji. Mchoraji anaweza kuifuata kanuni hiyo hiyo. Anaweka mchoro wenye kiputo kitupu, anawaacha wasomaji wakijaze, kisha siku ya pili anaweka lake. Anaweza kuonyesha penseli ya kwanza, halafu wino, halafu rangi, na kuwafanya watazamaji wafuatilie kazi inavyokua. Picha iliyokamilika huvutia kutazamwa mara moja. Kazi inayoendelea humfanya mtu arudi.

Kurudi huko ndiko kunakojenga wafuasi, na hakupatikani bila mazoea. Mwaka 2009 mchoraji Mmarekani Jake Parker alianzisha zoezi la kuchora kwa wino kila siku ya Oktoba, ambalo baadaye lilienea duniani likiongozwa na orodha ya maneno 31, neno moja kwa kila siku. Wachoraji wa Kenya nao wamekuwa wakilifuata, kwa maneno ya Kiingereza. Hakuna kinachozuia chama cha wanafunzi wa Kiswahili kutoa orodha yake: ngalawa, ukungu, kibatari, mkeka, shubaka, ushanga, na kadhalika. Mchoraji angepata mazoezi na hadhira; mwanafunzi angeona kama bado kuna anayejua shubaka ni nini. Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, ingekuwa wakati mzuri wa kufungia zoezi kama hilo, badala ya hotuba tupu.

Jambo la kuepukwa ni kumfanya mchoraji mtumwa wa kupendwa. Machi 2016 Instagram ilitangaza kwamba picha hazitapangwa tena kwa kufuata wakati zilipowekwa, bali kwa kanuni za kompyuta zinazokisia kile ambacho mtazamaji atakipenda. Tangu hapo wapo wasanii waliojikuta wakichora kile ambacho kanuni inapendelea. Baadaye mtandao ukaegemea video fupi, na waliobobea katika mchoro mmoja uliotulia wakaona watazamaji wao wakipungua bila ya wao kukosea lolote. Google+ ulifungwa Aprili 2019 pamoja na maghala ya picha yaliyokuwamo. Twitter ulibadilishwa jina kuwa X mwaka 2023, na baadhi ya watumiaji wake wakahama. Baraza ni mahali pa mazungumzo, lakini baraza hizi ni za nyumba ya mtu mwingine. Mchoraji mwenye busara huweka kazi zake asilia mahali pake, katika diski na katika tovuti japo ndogo, na huhifadhi anwani za barua pepe za wanaonunua kazi zake.

Hakimiliki: kifungu ambacho wachoraji hawakisomi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda kazi ya sanaa mara inapotiwa katika umbo la kudumu, bila sharti la kusajiliwa, na ulinzi huo hudumu kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Usajili katika Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya hurahisisha ushahidi, lakini si usajili unaoiumba haki. Kwa hiyo kauli ya kwamba «nimeikuta mtandaoni» si utetezi. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza utaratibu wa kumtaka mtoa huduma wa mtandao aiondoe kazi iliyowekwa bila idhini.

Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachowaumiza wachoraji wasiojua. Kazi ikiagizwa na mtu, na kusiwe na mapatano mengine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza. Tafsiri yake ya kila siku ni hii: mtu anamwandikia mchoraji ujumbe wa Instagram, anaagiza mhusika wa kutangaza uji wake, analipa kwa M-Pesa, na mazungumzo yanaishia hapo. Miaka mitatu baadaye mhusika yuko katika fulana, katika video na katika pakiti za unga, na mchoraji hana dai la fedha. Kilichobaki kwake ni haki za kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Ujumbe mmoja ulioandikwa kabla ya kuanza kazi ungeibadili hali hiyo: «Malipo haya ni ya kutumia mchoro katika pakiti za uji kwa miaka miwili, hakimiliki inabaki kwa mchoraji.» Sentensi hiyo ya Kiswahili, ikikubaliwa na pande zote kwa maandishi, ina thamani kuliko wafuasi 10,000. Inashauriwa pia kutaja mara ngapi mteja anaruhusiwa kudai mabadiliko na kupokea sehemu ya malipo kabla ya penseli kugusa karatasi.

Kipimo cha picha nacho ni kinga, japo haba. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi huhitaji picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya upana wa pikseli 1080, ambao unatosha kabisa katika simu, ikichapwa kwa ubora huo hufika upana wa sentimita 9 tu. Anayeweka mtandaoni faili la ukubwa wa kuchapia amempa mwizi bango zima. Anayeweka la pikseli 1080 amempa kadi. Mwizi asiyejali ubora ataichapa katika fulana vivyo hivyo, ikiwa na ukungu wake.

Wapo wanaouza kitu ambacho hakinakiliki kwa urahisi. Mchoraji Michael Soi wa Nairobi, anayejulikana kwa mfululizo wa picha kuhusu Uchina na Afrika, huchora pia mikoba kwa mkono. Picha ya mkoba inapozunguka mtandaoni huwa tangazo tu, kwa sababu anayeutaka mkoba wenyewe hana budi kumtafuta aliyeuchora.

Gharama ya kuonekana

Mchora katuni wa gazeti alikuwa na mhariri wa kumkataza, lakini pia alikuwa na mhariri na wakili wa kumkinga. Wa mtandaoni husimama peke yake. Wakati wa maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, michoro na mabango ya vijana yalisambaa kwa kasi ambayo gazeti lisingeweza kuifikia. Desemba mwaka huo Kibet Bull, aliyejulikana kwa michoro ya vivuli iliyomkejeli Rais, alitoweka, sawa na vijana wengine kadhaa waliokuwa wakiikosoa serikali mtandaoni. Jamaa zao na mashirika ya haki za binadamu walisema wametekwa nyara. Polisi walikana kuhusika. Alionekana tena akiwa hai mapema Januari 2025. Mchoro wa kivuli hauna hata neno moja, nao ulieleweka na kila mtu. Hapo hoja ya Barthes inapata mpaka wake, kwani muktadha wa kisiasa uliifanya kazi yote ya nanga.

Gharama nyingine haina kelele. Tangu mwaka 2022 programu za akili unde zinazounda picha kwa kuamriwa kwa maneno zimeenea, na zimefunzwa kwa mamilioni ya picha zilizochukuliwa mtandaoni. Mwaka 2024 kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, iliwaarifu watumiaji wa Ulaya kwamba machapisho yao ya hadharani yangetumiwa kufunza mifumo yake, na sheria ya data ya huko ikawapa njia ya kupinga. Watumiaji wengi wa kwingineko hawakupewa njia hiyo. Mamia ya maelfu ya wasanii duniani walijiandikisha katika mtandao wa Cara, usioruhusu picha za akili unde, katika siku chache za Juni mwaka huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wamekwisha kutoa programu ya Glaze mwaka 2023, ambayo hubadili mchoro kwa kiasi kisichoonekana na jicho ili mashine isiweze kuiga mtindo wake. Programu hiyo huhitaji kompyuta yenye nguvu, na wachoraji wengi wa Kenya huchora kwa simu au kwa kompyuta ya kuazima. Kwa ajili ya watu wa hali hiyo watafiti hao walitengeneza toleo linalofanya kazi kupitia mtandao, ambalo msanii huomba mwaliko wa kulitumia bila malipo.